Mji Upimwe Mwezi wa Februari

Watu wa Tabora mjini wana swali moja kwa kila aliyehamia wilayani: "Umefuata nini kule?" Nimeulizwa stendi, nimeulizwa msibani, nimeulizwa hata na fundi aliyekuwa ananipima suruali. Zamani nilikuwa najibu kwa mzaha kwamba nimefuata asali. Siku hizi najibu kwa kirefu, maana naona vijana wengi wenye watoto wadogo wanapiga hesabu ya kodi na ya kiwanja, kisha wanaanza kutafuta mji mdogo wa jirani pa kulelea. Haya ndiyo majibu yangu, na yote nimeyapata kwa kuishi na familia yangu Sikonge, takribani kilomita 70 kusini mwa Tabora.

Mimi ni Mzaramo. Kazi yangu ni kuandika vitabu vya hesabu vya vyama vya msingi vya wakulima, kazi ya stakabadhi, kikokotoo na subira. Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Tulikuwa tumepanga Ng'ambo, Tabora mjini, kwenye nyumba ya wapangaji wengi, bomba moja, uani pamejaa majiko ya mkaa. Hayakuwa maisha mabaya. Tabora ni mji mpole kwa miji yetu ilivyo: kuna kivuli cha miembe, kuna reli, kuna shule zenye jina. Lakini viwanja ambavyo mfuko wetu ungeviweza vilikuwa vinasogea nje kila mwaka. Tulipopiga hesabu tukaona kwamba tukijenga pale tunapoweza, watoto watakuwa wanaamka gizani kwenda shule na kurudi gizani. Mke wangu akasema kama ni lazima twende mbali, basi twende mahali penye shule yake, soko lake na hospitali yake, siyo kwenye ncha ya mji wa watu wengine.

Tukaiweka miji mezani. Nzega iko njia panda, magari ya Mwanza, Shinyanga na Tabora yanakutana pale, biashara haikosi. Lakini mji wa njia panda una mambo yake ya usiku, na wenyeji wa Nzega bado wanakumbuka mgodi wa dhahabu wa Golden Pride ulivyofungwa 2014 na fedha zilivyoondoka nao. Urambo, mji wa Mtemi Mirambo, una reli na ardhi nzuri. Isikizya, makao makuu ya Uyui, ni karibu na Tabora, ila tuliona bado ni ofisi kuliko mji. Sikonge nilikuwa naifahamu kikazi. Nilikuwa nakwenda msimu wa masoko ya tumbaku, kati ya Mei na Agosti, na kila nikirudi nilikuwa naisifu: maduka yamejaa, pikipiki mpya zinang'aa, mabati yanapakiwa, kila ukumbi una harusi.

Mke wangu alinisikiliza, kisha akauliza, "Na Februari pakoje?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu Februari hakuna mtu anayemwita mhasibu.

"Mji wenye hela hauna ubaya, baba," akasema. "Twende tukauone umefulia."

Shauri hilo moja ndilo ninalompa kila anayeniuliza. Miji yetu midogo mingi inakula kwa zao moja na kwa msimu mmoja. Sikonge ni tumbaku. Vitalu vya miche vinaandaliwa Agosti na Septemba, miche inahamishiwa shambani mvua zikianza Novemba na Desemba, majani yanachumwa na kukaushwa kwenye mabani kuanzia Januari hadi Aprili, ndipo masoko yanafunguliwa. Kwa hiyo Februari mkulima yuko katikati ya kazi nzito kuliko zote, fedha ya mwaka jana imekwisha, ya mwaka huu bado iko kwenye jani, mahindi mapya hayajakomaa, barabara za ndani zina tope na mbu wamezaliana. Anayefika Juni anaona sherehe. Anayefika Februari anaona mji wenyewe.

Mpangilio huu una asili ya mbali. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo katika karne ya 19 walikuwa wakulima. Wengi waliondoka baada ya mavuno, wakajitahidi kurudi kabla ya mvua ili jembe lisilale. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili nao walipoiweka Tabora, ile Kazeh ambamo wapelelezi Burton na Speke waliingia Novemba 1857, hawakuokota mahali ovyo. Unyanyembe, nchi iliyouzunguka mji huo, palikuwa na chakula cha kutosha misafara mikubwa, na hapo njia ziligawanyika, moja ikienda Ujiji, nyingine ikipanda Karagwe na Buganda. Walichagua kwa kuangalia kama ghala litatosha hadi msafara mwingine ufike. Mwenye familia leo ana sababu ileile ya kuuliza.

Tukaenda Februari. Tulipanga chumba kwenye nyumba ya wageni, tukaanza na soko.

Lilikuwa dogo, nusu ya meza zimefunikwa maturubai. Lakini chini, kwenye viroba vilivyotandikwa, mji ulikuwa unakula. Palikuwa na michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, vimepimwa kwa sado. Palikuwa na matobolwa, karanga, majani makavu ya kunde, mlenda, dagaa. Palikuwa na uyoga wa msituni uliookotwa alfajiri, mkubwa kama sahani, bado una majani ya mti wa mtundu yameng'ang'ania. Bibi mmoja alikuwa na dumu la asali nyeusi, anauza kwa chupa ya soda. Nikamuuliza biashara ikoje. Akanijibu, "Mwanangu, mwezi huu hela hakuna, ila njaa nayo tumeifungia mlango." Mke wangu aliandika bei zote kwenye daftari. Usiku akanionyesha: mboga, karanga na michembe, bei ilikuwa ya watu wa kawaida. Kilichopanda ni mchele na sukari, vitu vinavyoletwa na gari. Mji ambao mwezi wake mbaya unalishwa na msitu na ghala za nyumbani una nguvu ambayo hutaiona kwenye idadi ya maduka.

Msitu huo ndio utajiri wa wilaya. Sikonge ina zaidi ya kilomita za mraba 27,000, kubwa kuliko nchi nzima ya Rwanda, na sehemu kubwa ni misitu ya miombo na hifadhi. Mizinga ya magome inaning'inia humo, na warina asali wanakaa kambini siku nyingi kabla ya kurudi na madumu. Tumbaku na asali zinagombania miti ileile: bani moja linameza kuni nyingi, nyuki nao wanataka maua ya mtundu na muba. Anayehamia na watoto anapaswa kulijua gombano hilo, kwa sababu ndilo litakaloamua mji utakula nini watoto wakiwa watu wazima.

Siku ya pili tukaenda hospitali. Wagonjwa hatukuwa, tulitaka tu kukaa kwenye benchi. Sikonge ina bahati ambayo miji mingi ya ukubwa wake haina. Wamoravian, waliopokea kituo cha Urambo kutoka London Missionary Society mwaka 1898, walishuka kusini miaka michache baadaye wakajenga misheni hapa. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Wajerumani wakaondolewa, wakaja Wamoravian wa Denmark. Kukawa na hospitali na makazi ya wagonjwa wa ukoma, na kwa miaka mingi hospitali hiyo ya misheni ilitumika kama hospitali teule ya wilaya. Maana yake ni kwamba huduma ilikuwepo kabla ya lami, kabla ya wilaya, kabla ya mitandao ya simu. Haikuletwa na msimu mzuri wa tumbaku, wala haiondoki na msimu mbaya.

Pale benchini tuliona ukweli mwingine. Akina mama wengi walikuwa na watoto wenye homa, na karibu wote walikuja kupima malaria. Utafiti wa taifa wa afya wa 2022 ulikuta asilimia 23 ya watoto wadogo waliopimwa mkoani Tabora wana vimelea vya malaria, kiwango cha juu kuliko mikoa yote, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 8. Hali hiyo haikutuzuia kuhamia, kwani Tabora mjini nako ni mkoa uleule. Ila ilibadili jinsi tulivyojenga. Wavu wa madirisha ulinunuliwa kabla ya rangi ya kuta, na kiwanja tulichokipenda karibu na mbuga tukakiacha. Neti zinachomekwa magharibi, mgeni awepo asiwepo.

Shule tuliikagua kwa jicho la mwalimu. Wazazi wengi wakichagua mji wanauliza matokeo ya darasa la saba. Mke wangu aliomba daftari la mahudhurio. Akapitisha kidole: Juni, Septemba, Novemba, Februari. Katika shule moja ya pembezoni, safu za Februari zilikuwa na mapengo mengi. Mwalimu wa darasa hakuficha, alisema familia nyingi zimehamia mashambani na watoto wamekwenda nazo, wakubwa wanasaidia kuchuma na kufunga majani, wadogo wanalea wadogo zao. Katika shule ya katikati ya mji safu zilikuwa zimejaa. Vitabu vilikuwa vilevile na madawati yalikuwa na uhaba uleule. Lakini mtoto anayekaa darasani Februari na mtoto anayekaa banini Februari hawamalizi shule pamoja. Ndiyo maana tumejenga mjini, umbali wa kutembea kwa miguu hadi shuleni, ingawa shamba lingetupa eneo kubwa zaidi kwa bei ndogo.

Barabara ni habari njema. Njia hii ya kusini haijaanza leo. Septemba 1871 Stanley alipotoka Kwihara, karibu na Tabora, kumtafuta Livingstone, njia ya moja kwa moja ya Ujiji ilikuwa imefungwa na vita vya Mirambo, naye akazunguka kusini kupitia Ugunda na Ukonongo, nchi ambazo leo ukizipitia unakatiza wilaya ya Sikonge. Karne moja na nusu baadaye lami imefuata uelekeo uleule. Ukitoka Tabora unapita Sikonge, ukifika Ipole unachagua: mkono mmoja Rungwa na Mbeya, mkono mwingine Mpanda. Kabla ya lami, masika ilikuwa safari ya kubeba chakula na jembe la kutoa gari kwenye tope. Sasa ni kama saa moja. Mtoto akihitaji daktari bingwa wa hospitali ya Kitete, Tabora, au mimi nikihitajika na chama cha msingi upande wa pili wa Tabora, tunakwenda na kurudi siku hiyohiyo.

Lakini lami ina makali kuwili. Imetuletea unga na dawa, na imetuletea magari yanayopita mjini kwa kasi kana kwamba hakuna shule. Imeleta pia watu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 179,883 wilaya nzima. Ya 2022 ilikuta zaidi ya 300,000. Wengi ni wakulima na wafugaji waliofuata ardhi. Hapo ndipo pa kuwa makini, kwa sababu anayekuuzia ekari za bei ya kutupa huenda anakuuzia hifadhi, na wenye hifadhi wakija, nyumba haitasimama kwa sababu tu una karatasi yenye sahihi za mashahidi. Tulipopata kiwanja tulianza kwa mwenyekiti wa kitongoji na majirani wa mipaka minne, tukaenda ofisi ya ardhi ya halmashauri kuangalia ramani, ndipo tukatoa fedha. Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za 1999, zimetenganisha ardhi ya jumla, ya vijiji na ya hifadhi. Muuzaji asiyeweza kukwambia anauza ipi kati ya hizo, mwachie ardhi yake.

Maji ndiyo yaliyotutesa. Mji unategemea sana bwawa la Utyatya, na kiangazi kikichacha foleni ya ndoo inarefuka. Tulichimba shimo la kuhifadhia maji ya mvua kabla ya kumaliza jiko, tukaweka mifereji kwenye paa lote. Maji ya Ziwa Victoria yalishafika Tabora, na mradi wa maji wa miji 28, ambao mikataba yake ilisainiwa Juni 2022, umeihesabu Sikonge pamoja na Urambo na Kaliua. Ni jambo la heri. Hata hivyo nawashauri wanaohamia wajenge kwa maji yaliyopo siku wanayojenga, siyo kwa maji yaliyoahidiwa.

Yote hayo unaweza kuyaandika kwenye daftari. Kuna moja ambalo halikaguliwi, nalo ni kama mji utakupokea. Mimi nilisaidiwa na babu zangu. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, wapagazi walipokuwa wakishuka pwani, wakilala kwetu, wakigombana nasi, wakioa kwetu. Msiba wa kwanza niliohudhuria Sikonge ulikuwa wa jirani, mzee wa heshima. Nilikaa nyuma kama mgeni anavyokaa. Mzee mmoja akauliza kabila langu, nikataja. Akasimama, akapaza sauti: "Kumbe tuna Mzaramo hapa na maiti haina mlinzi! Haya, mtani, fanya kazi yako, au unasubiri nazi zianguke?"

Watu wakacheka, na macho yote yakanigeukia. Nikajua sina pa kujificha. Nikaenda kaburini, nikanyakua koleo, nikakaa juu ya rundo la udongo, nikatangaza kwamba marehemu alikuwa na deni langu la chumvi tangu Bagamoyo na hazikwi mtu mpaka nilipwe. Mtoto mkubwa wa marehemu, aliyekuwa amelia tangu asubuhi, alitoa noti mfukoni akanikabidhi huku akicheka na machozi yakimtoka. Shehe akasubiri. Nikarudisha koleo, mazishi yakaendelea. Toka siku hiyo kila nyumba ya mtaa ule ilikuwa yangu. Mke wangu si Mzaramo, naye hakuwa na utani wa kumbeba. Yeye alipokelewa kwa upatu wa akina mama na kwa kwenda kupika kwenye misiba ileile. Kila mtu ana mlango wake, ila milango yote inataka uwepo wako. Anayelala Sikonge na kuishi Tabora, anayekuja Ijumaa usiku na kuondoka Jumatatu alfajiri, atakuwa mpangaji hata kama nyumba ni yake.

Na kuna umri ambao mji mdogo hautoshi. Watoto wetu walipokuwa wadogo, Sikonge iliwapa kila kitu: njia za kukimbia, furu na matonga ya kuokota porini, majirani wanaowagombeza kama watoto wao, mwalimu anayejua jina la bibi yao. Mkubwa alipofika sekondari alianza kutaka maabara, maktaba na wenzake wa kushindana nao. Tabora ina shule zilizosomesha viongozi. Mwalimu Nyerere mwenyewe alisoma Tabora School na baadaye akafundisha St. Mary's, ambayo leo ni Milambo. Tulimpeleka bweni mjini. Wapo majirani walioona tumeukana mji wao. Mimi naona ndiyo faida ya kuwa saa moja kutoka mji mkubwa: unauazima mji pale unapouhitaji, bila kuulipia kodi mwaka mzima.

Kipato pia kilibadilika, na hili nalisema wazi kwa sababu wengi wanadhani wilayani maisha ni ya bure. Mshahara wa mwalimu ni uleule popote, na huo ndio uliotushika. Kazi zangu ni za msimu, kwa hiyo tulijifunza kuishi kama wakulima: fedha ya Julai inagawanywa kwa miezi, gunia la mahindi linanunuliwa baada ya mavuno, siyo kilo kwa kilo Januari. Familia ambayo haina hata mshahara mmoja wa kila mwezi, wala shamba la chakula, ifikirie mara mbili. Nimeona waliofungua maduka makubwa mwezi wa Juni, wakayafunga mwezi wa Machi kwa kukopesha mji mzima.

Kwa hiyo, anayetaka kuhamia mji mdogo kwa ajili ya watoto, Sikonge au kwingine kokote, namshauri hivi. Nenda mwezi ambao mji hauna fedha. Nunua chakula sokoni na ukipike, kaa benchi la wagonjwa, omba daftari la mahudhurio, fuata foleni ya maji mpaka mwisho wake, hudhuria msiba. Uliza mji ulikuwa na nini kabla lami haijafika, kwa sababu hicho ndicho kitakachobaki lami ikichakaa. Ukimaliza hayo yote na mke wako au mume wako bado anataka kurudi tena, tafuteni kiwanja. Ila ramani ya halmashauri iangalieni kwanza, fedha baadaye.